Nati za kushindilia za M4 zinazunguka tupu: angalia tundu kwanza

Ndugu, nati ya kushindilia (ile inayobanwa kwa presi ndani ya tundu la bati) inayozunguka unapokaza bolti kwenye bati la chuma la mm 1.2 mara nyingi chanzo chake ni tundu. Kwa nati ya kawaida ya M4 (ya bolti ya mm 4) tundu ni mm 5.4, linaruhusiwa kuzidi kwa mm 0.08 tu, kupungua haliruhusiwi. Likipanuka, chuma cha bati hakifiki kwenye mfereji wa nati, na hicho ndicho kinachoishika. Kwa hiyo usikwangue kingo za tundu pande zote mbili. Unaondoa chuma kile kile kinachohitajika.

Chagua nati yenye shingo (sehemu inayoingia kwenye tundu) ya bati la kuanzia mm 1.0. Ile ya mm 1.4 itachomoza upande wa pili.

Shindilia kwa presi yenye nyuso sambamba hadi bega la nati liguse bati, kisha acha. Nyundo huipindisha. Bolti iingie kutoka upande wa pili, ili kukaza kuivute nati ndani ya bati.

Kwenye mchoro, kituo cha tundu kiwe angalau mm 6.9 kutoka ukingoni mwa bati, la sivyo ukingo utavimba. Bati la chuma cha pua linadai nati ngumu zaidi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Nati ya kawaida haitang'ata.