Kuchelewa nasamehe, kunyamaza hapana

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja, akina mama wanaolea watoto wa wenzao nyumbani kwao na wazazi wasiosema wanaleta lini wanachukua saa ngapi. Nimechagua tatu. Mimi mwenyewe nimelea watoto kibarazani kwangu Tabata miaka 9, kwahiyo hapa nitaongea sana, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Kimara, nalea watoto 7 nyumbani, mdogo kabisa ana miezi 8 na mkubwa miaka 4, nachukua 3,000 kwa siku. Shida yangu sio watoto, watoto nawapenda na wamenizoea, shida ni wazazi wao hawasemi kitu. Leo analeta kesho haleti, mie nimeshakoroga uji wa watoto saba wanakuja wanne. Mmoja ni nesi, ana zamu, kuna siku kagonga geti saa 11 alfajiri natoka na kanga macho hata hayajafunguka, ananiambia dada nilisahau kukwambia nimebadilishiwa. Mwingine anauza nguo Kariakoo, nikimpigia saa 12 jioni yuko njiani, saa 1 yuko njiani, saa 2 na robo ndo anaingia, kumbe ile saa 12 hata duka alikuwa hajafunga. Mume wangu akirudi anakuta watoto wa watu bado wapo sebuleni, juzi kaniambia nichague. Nikiwasema wananuna, mmoja kashahamisha mtoto. Nifanyeje? Mlezi, Kimara

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, mana hiyo ya saa 11 alfajiri naijua vizuri.

Nianze na huyo wa Kariakoo kwasababu ndo anayekuumiza zaidi. Mimi nilikuwa nae wa hivyo hivyo, niko njiani niko njiani, nikaona huyu ananidharau ananiona dada wa kazi. Siku moja nikamkalisha nikamuuliza taratibu bila kumgombeza, akaniambia dada mi naogopa, nikisema ukweli kwamba natoka saa 2 utaniambia nitafute kwingine, na kwingine sina. Yaani alikuwa ananiambia kile alichoona kitanituliza. Nilijisikia vibaya kwakweli, mana kila alipochelewa nilikuwa nampokea kwa uso wa mbuzi, sasa mtu atakwambiaje ukweli kama ukweli unamletea ugomvi? Kuanzia hapo nikatenganisha vitu viwili, kuchelewa na kunyamaza. Kuchelewa nasamehe, Dar hii tunaijua. Kunyamaza sisamehi, na niliwaambia wazazi wote hivyo hivyo kwa maneno hayo.

Sasa huwezi kudai watu waseme kama hujawapa njia rahisi ya kusema. Mimi kila Jumapili saa 2 usiku nilikuwa natuma sauti WhatsApp kwa mzazi mmoja mmoja, sio kwenye grupu. Grupu halifai kwa hili, ukiuliza kwenye grupu watatu wanajibu sawa, wengine wanaweka dole gumba na huelewi amekubali nini, na mwenye matatizo yake hawezi kuyasema mbele za wenzake. Nilikuwa nauliza vitu vitatu tu: wiki hii unaleta siku gani, unachukua saa ngapi, na anayekuja kuchukua ni nani. Nayaandika kwenye daftari nimeling'iniza ukutani jikoni. Asiyejibu mpaka Jumatatu asubuhi namuuliza pale pale getini kabla sijampokea mtoto, yani mtoto bado yuko mkononi kwake. Wiki ya tatu walishazoea, wengine wakawa wananitumia wao Jumapili mchana.

Halafu kuna bando. Ujue mama wengi saa 11 jioni simu haina bando na salio limebaki kidogo tu, kwahiyo ukimlaumu hakutuma ujumbe unamlaumu kwa kitu hana. Sisi tulikubaliana kubip. Bip moja niko kwenye gari, bip mbili nachelewa zaidi ya nusu saa, bip tatu nipigie wewe kuna tatizo. Haimgharimu mtu chochote na hata aliyebanwa mbele ya bosi anaweza kubip simu ikiwa mfukoni.

Kuhusu faini najua wengi mtaniambia weka faini, na mimi niliweka, 1,000 kwa kila nusu saa. Nilivyoweka wakazidi kuchelewa! Wanakuja wanatoa elfu yao wanachukua mtoto hata pole hamna, mana sasa wameshalipia. Baadaye sana nikaja kusoma kwamba sikuwa peke yangu, kuna wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israel, baadhi ya vituo vikaweka faini kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10, na pale penye faini wachelewaji wakaongezeka mpaka karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa hawakurudi kama zamani, wakaendelea kuchelewa vile vile. Yaani ile aibu ya kumsubirisha mwalimu ndo ilikuwa inawarudisha mapema, ikageuka bei, na bei mtu analipa anaondoka zake.

Kwahiyo mimi ningekushauri usitoze kuchelewa, tozo iwe ya kunyamaza. Aliyesema kabla ya saa 10 jioni kwamba leo nitafika saa 2, hiyo saa ya ziada mnakubaliana bei yake kabisa kama kazi ya kawaida, mana ni kazi na wewe unastahili kulipwa. Aliyenyamaza ndo analipa mara mbili, jioni ile ile, na akinyamaza mara tatu ndani ya mwezi mnakaa mnaongea kama mtoto aendelee kuwa kwako. Huyo aliyehamisha mtoto muache aende, nafasi yake itapata mtu, usiwalegezee waliobaki kwasababu yake.

Uji nao una dawa yake, lipisha siku alizozisema Jumapili, sio siku alizoleta. Alisema siku 5 analipa siku 5 hata akileta 3. Wewe umeshanunua unga na maziwa, na sehemu ya mtoto wake ilikuwepo. Wengine watalalamika wiki ya kwanza, ila utaona watu wanavyoanza kukumbuka kusema. Mtoto akiumwa ghafla mie nilikuwa nasamehe, hiyo sio ya kusema Jumapili.

Na wewe wa Kimara una jambo ambalo mimi wa Tabata sikuwa nalo sana, mvua. Masika ikikolea Mto Msimbazi unajaa, Jangwani pakifungwa Morogoro Road inakatika na mwendokasi unasimama, wazazi wako wote wa Posta na Kariakoo wamebaki ng'ambo ile. Siku hiyo usihesabu kimya wala kuchelewa. Lakini mkubaliane mapema, mwezi wa 2 kabla mvua hazijaanza, kwamba Jangwani ikifungwa mtoto analala kwako au anachukuliwa na nani wa upande huu wa Kimara, Mbezi, Ubungo. Kila mzazi akupe jina la mtu wa pili anayekaa karibu, shangazi, jirani, mama mkubwa, yeyote anayeweza kufika kabla ya saa 1. Huyo mtu wa pili ndo atakayekupatanisha na mumeo pia, mana shemeji yangu sidhani kama anachukia watoto, anachokitaka ni kujua nyumba yake inarudi kuwa nyumba saa ngapi. Mpe saa. Saa 1 kamili, na baada ya hapo ni kwa waliosema tu.

Sikukuu nazo zinasumbua. Eid el-Fitr inategemea mwezi, inatangazwa usiku wa kuamkia, mzazi hajui kama kesho kazini wanafungua, wewe hujui kama ufunge, asubuhi mnaonana getini wote mmeshangaa. Sema kabisa wiki moja kabla: mwezi ukionekana sifungui, usipoonekana nipo. Na usidhani sikukuu ni mapumziko kwa kila mtu, Saba Saba mwenye kibanda cha maonesho pale Kilwa Road ndo siku anayokuhitaji kuliko zote, muulize wiki mbili kabla uamue unafungua kwa bei gani au hufungui.

La mwisho kwako, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako ukaulize usajili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na wengi wetu tunaolea nyumbani tunaona hiyo ni ya wenye majengo makubwa. Nenda tu ukaulize unatakiwa uwe na nini. Ukiwa na karatasi yako ukutani na masharti yako yamechapwa hata mzazi anakusikiliza tofauti.

SWALI: Dada mimi niko upande wa pili, ni mzazi. Nafanya kazi ya kaunta kwenye duka kubwa, ratiba ya kesho tunapewa leo usiku, muda mwingine saa 3. Mama anayenilelea mwanangu wa miezi 6 ananisema kila siku kwamba sijipangi, mpaka naona aibu kupeleka mtoto. Namkamulia maziwa ila nikiongezewa masaa yanaisha. Sio kwamba sitaki kusema, na mimi mwenyewe sijui! Mama Zamu, Tegeta

JIBU: Mama Zamu nimekusikia, na hiyo sentensi yako ya mwisho ndo mwambie mlezi wako. "Sijui bado" nayo ni taarifa. Mtumie Jumapili: Jumatatu nipo asubuhi, Jumanne sijui, nitajua Jumatatu saa 3 usiku nitakutumia hapo hapo hata kama umelala. Ukipewa ratiba ipige picha mtumie dakika ile ile kabla hujavua viatu, usiseme nitamwambia asubuhi. Akiona ile karatasi ya bosi wako ataelewa anayevuruga ni nani. Mie nilikuwa na mama wa hivi, nilipoona ratiba yake imekatwa katwa kwa peni nilikoma kabisa kumsema.

Maziwa sasa, hapo kuna hatari ya kweli sio ya aibu. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanakaa nje ya friji mpaka masaa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25, na chumba cha Dar mwezi wa 1 hakipo hapo, kwahiyo lazima yakae kwenye friji, na kwenye friji yanaweza kufika siku 4. Kama mlezi hana friji au umeme unakatika muulize jirani yake, au mpelekee yakiwa kwenye kibegi chenye barafu. Ziada iwepo kila siku, chupa moja zaidi ya unavyohesabu, iandike tarehe. Mtoto wa miezi 6 mama akichelewa masaa mawili bila chupa, mlezi atafanya nini, atampa maji ya sukari au maziwa ya ng'ombe kwasababu mtoto analia na yeye hana kingine.

Na kazini kwako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku ya kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaijui, hata mameneja wengine hawaijui. Usiende na ugomvi, nenda umuombe meneja masaa hayo uyatumie mwisho wa siku utoke mapema, ukitoka saa 10 badala ya saa 12 nusu ya matatizo yako na mlezi yanaisha. Kama mko wanawake kadhaa wenye watoto wadogo nendeni pamoja, na hapo hapo muombe ratiba itoke hata siku tatu kabla.

SWALI: Habari dada. Nalea wajukuu wangu na watoto wengine wanne, Morogoro mjini. Ijumaa kaja kijana na bodaboda kasema katumwa na mama kumchukua mtoto wa miaka 3, mama simu haipatikani. Nilimkatalia, mama alivyokuja alinifokea sana kwamba nimemchelewesha mtu. Nilikosea? Bibi

JIBU: Shikamoo bibi. Hukukosea hata kidogo, na ningekuwa hapo ningekubusu mikono. Mtoto hatoki kwa mtu ambaye jina lake halikutajwa mapema, awe kaja na bodaboda, na gari, awe baba yake mdogo au anajua jina la mtoto na rangi ya begi lake, vitu hivyo mtaa mzima unavijua.

Waambie wazazi wote wanne wakupe majina mawili na picha za hao watu, wajukuu wakusaidie kuziweka kwenye simu. Halafu kila mzazi awe na neno lake moja mnalolijua nyie wawili tu, anayetumwa alitaje getini. Asipolijua anarudi. Mama akipiga usikie sauti yake mwenyewe, ujumbe wa maandishi usiukubali kwasababu simu yaweza kuwa imeibiwa. Na mtoto muangalie usoni, wa miaka 3 akimuona mtu anayemfahamu anakimbilia, akijificha nyuma ya gauni lako hapo umeshajibiwa.

Ikitokea usiku umeingia na hakuna aliyekuja, simu zote kimya, usikae nalo peke yako bibi. Mwite mjumbe wako aje ashuhudie mtoto yuko kwako na mzima, piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto, na kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Andika saa uliyopiga na uliyeongea nae. Na mama mwenyewe akitokea saa 3 analia na viatu mkononi, mpe maji ya kunywa kwanza amshike mwanae, ya kuambiana yatasubiri asubuhi.