Camel inaandika S3 lakini kusoma inagoma kwa 403

Ndugu, nimekuelewa: Apache Camel (programu ya kuunganisha mifumo) inapeleka mafaili Amazon S3 (hifadhi ya mafaili mtandaoni) bila shida, ila ikienda kuyasoma inapata 403 (kosa la kunyimwa ruhusa), na funguo za kuingilia umeshazibadilisha mara mbili. Ziache, hazina kosa. Zingekuwa mbovu, hata kuandika kungegoma.

Angalia ruhusa. Ya kuorodhesha mafaili hutolewa kwa jina la ndoo (bucket, yaani chombo kinachobeba mafaili ndani ya S3) peke yake. Ya kusoma, kwa jina hilohilo likifuatwa na mkwaju na nyota, yaani /*. Mimi niliweka ya pili tu, nikahangaika siku mbili. Tena bila ya kuorodhesha, hata faili lisilokuwepo hurudisha 403 badala ya 404 (halipatikani), ndiyo maana unachanganyikiwa.

Kabla hujajaribu tena, tafadhali sana: Camel ikishasoma faili hulifuta kwenye ndoo, ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo. Weka deleteAfterRead=false, ujaribu kwa ndoo ya majaribio.

Usiifungue ndoo kwa umma ili tu kosa liondoke. Kama ina taarifa za wateja, mwite msimamizi wa akaunti yenu ahariri ruhusa mkiwa pamoja.