Samaki wa Mbao wa Kuvutia Samaki Chini ya Barafu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchongaji wa vinyago hapa Moshi. Mgeni kutoka Minnesota, Marekani, aliyekuja kupanda Mlima Kilimanjaro, ameniagiza samaki wa mbao wa kutumbukiza ziwani wakati wa baridi ili awavute samaki walio chini ya barafu. Amesisitiza kuwa hataki pambo bali chombo cha kazi. Je, mpingo utafaa? Na nimalizie kwa rangi gani?
Mchongaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu Mchongaji, kwa kazi hii uweke mpingo kando, ingawa ndio mti wa heshima katika fani yenu. Mpingo ni mzito kuliko maji, kwa hiyo samaki wake atazama hata kabla hujamtia uzito, nawe utakuwa umepoteza nafasi ya kuamua uzito huo ukae wapi. Tumia paina iliyokauka vizuri, au mringaringa, ambao hutumika pia kuchongea mizinga ya nyuki.

Mvuvi wa huko hutoboa barafu na kuketi ndani ya kibanda chenye giza, ambamo maji yaliyo chini ya tundu huonekana yana mwanga. Mkuki wa meno kadhaa anao tayari, huku akichezesha uzi uliofungwa mgongoni mwa samaki wako. Samaki huyo hana ndoana. Kazi yake ni kuogelea kwa duara mpaka pike, samaki mkali anayekula wenzake, asogee karibu. Oscar Peterson wa Cadillac, Michigan (1887–1951), alichonga samaki wa namna hii kwa ajili ya wavuvi, na leo wanatafutwa na wakusanyaji wa sanaa. Nakutajia hilo ili usiidharau kazi uliyopewa.

Kuchonga kiwiliwili sina la kukufundisha. Urefu wa sentimita 18 hadi 25 unatosha kwa pike. Mkia upindishe kidogo upande mmoja, kwa sababu ndio unaomzungusha samaki. Mapezi yakate kwenye bati laini au shaba nyekundu, uyapachike kwa gundi ndani ya mikato myembamba ya msumeno.

Ugumu wote uko tumboni. Chimba shimo refu lililo pana ndani kuliko mdomoni, ili risasi utakayomimina isichomoke. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na ikikutana na mbao yenye unyevu, mvuke huirusha usoni mwa fundi. Kwa hiyo kausha shimo kabisa, vaa miwani na glavu, fanya kazi nje ukiupa upepo mgongo kwa sababu moshi wake ni sumu, wala usitumie sufuria ya jikoni. Kabla ya kumjaribu ndani ya pipa la maji, mpake vanishi iliyochanganywa na tapentaini, maana mbao isiyozibwa hunywa maji na kukudanganya kuhusu uzito. Anatakiwa ashuke polepole akiwa amelala sawa. Kichwa kikiinama, toboa risasi ya mbele uipunguze. Mwache azame kwa uhakika, kwa sababu maji yaliyo karibu na kuganda ni mazito kidogo kuliko ya pipa lako. Kwa samaki wa sentimita za ujazo 300, tofauti haifiki gramu 1, lakini aliyekuwa akielea nusunusu Moshi anaweza kukataa kuzama Minnesota.

Rangi ije baada ya mizani kukamilika. Ziba shimo, piga msasa laini, paka praima, kisha rangi ya mafuta mara mbili, nyembamba, na mwisho vanishi ya nje. Msimu wa masika kila mkono upe muda mrefu zaidi wa kukauka. Usirundike vanishi kwenye mashina ya mapezi, kwani mvuvi atayakunja kwa vidole akiwa juu ya barafu mpaka apate duara analolitaka.