Pixies hawakuwaiga Nirvana

Hapana ndugu, umegeuza. Unasema Pixies, bendi ya roki ya Marekani, waliiga bendi ya Nirvana, lakini Pixies ndio waliotangulia. Mwimbaji Black Francis na mpiga gitaa Joey Santiago waliianzisha bendi Boston mwaka 1986. Walitoa tangazo gazetini kutafuta mpiga besi, akajitokeza mtu mmoja tu, Kim Deal, tena bila gitaa mkononi!

Kurt Cobain mwenyewe, mwimbaji wa Nirvana, alikiri mwaka 1994, akihojiwa na jarida la Rolling Stone, kwamba wimbo uliowapa Nirvana umaarufu, Smells Like Teen Spirit, aliutunga akijaribu kuwaiga Pixies. Sikiliza utaona: kwenye beti zinasikika zaidi besi na ngoma, sauti iko chini, halafu kiitikio kinalipuka kwa magitaa na makelele. Hata Steve Albini aliyewarekodia Nirvana albamu yao ya mwisho ya studio, ndiye aliyerekodi albamu ya Surfer Rosa ya Pixies mwaka 1988.

Kinachoniuma ni kwamba kwao hawakuthaminiwa mapema. Albamu yao Doolittle ya 1989 ilifika namba 8 kwenye chati ya albamu ya Uingereza, Marekani ikaishia namba 98. Wakavunjika 1993, wakarudi 2004. Anza na hiyo Doolittle, usikilize yote.