Kupanda Nkungwe, Mahale: kuliona ziwa siyo kuijua njia

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupanda Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote vya safu ya Mahale, peke yako kwa kuufuata mgongo wa mlima, simu mkononi, kwa kuwa Ziwa Tanganyika linaonekana muda wote na huwezi kupotea. Safu ya Mahale nimeitembea miaka mingi, nikianzia kwenye upagazi, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

La peke yako tulimalize haraka. Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985, iko chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), na mlimani unapanda na askari wa hifadhi. Kule kuna nyati na chui, usilitafutie njia ya mkato hilo. Lakini kuwa na askari hakukuondolei wajibu wa kujua uko wapi. Ukungu ukishuka, watu wawili wanaoijua njia ni bora kuliko mmoja anayejua na mwingine anayemfuata nyuma tu.

Sasa hilo la ziwa, maana wengi wanalisema na linanitia wasiwasi. Safu ya Mahale imelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na ziwa liko upande wa magharibi. Ukiyaona maji umeshajua magharibi ni wapi, basi. Hayakwambii uko kwenye mgongo upi, na kosa la mgongo ndilo linalowalaza watu porini.

Unapopanda, migongo yote inakutana. Vitawi vinaingia kwenye mgongo mkubwa, na mgongo mkubwa unakwenda kileleni, kwa hiyo hata ukiteleza kidogo kushoto au kulia, mlima wenyewe unakurudisha. Kushuka ni kinyume. Mgongo uleule unagawanyika, kisha unagawanyika tena, na ukiwa juu kila tawi linafanana na mwenzake. Ukikosea kidogo pale mwanzoni, baada ya nusu saa uko upande wa pili wa korongo na njia uliyopandia unaiona ng'ambo. Tena tawi lisilo lako mara nyingi ndilo linaloonekana zuri, kwa sababu nyati nao wanapita palipo rahisi. Njia ya nyati inaanza pana, imekanyagwa vizuri, halafu inaingia kichakani na kuishia humo.

Ndiyo maana nasema njia ya kushukia inatafutwa wakati wa kupanda. Nilipokuwa kijana nilibeba mizigo na mzee mmoja Mtongwe, kabila la wenyeji wa huku, ambaye hakuwa anapita njia panda bila kusimama. Anageuka, anatazama kule tulikotoka, ananyamaza. Kisha anakusanya nyasi ndefu za kando ya njia yetu bila kuzing'oa, anazisokota mara mbili na kuzifunga fundo usawa wa kiuno, ncha zikielekea chini tulikotoka. Tawi lisilo letu analikingamishia kijiti kikavu. Wakati wa kurudi anafungua kila fundo analolipita, nyuma yetu hapabaki alama yoyote. Na alikuwa ananilazimisha niseme kwa sauti ninachokiona nikigeuka: mti mkavu kulia, jiwe jeusi kushoto, ziwa nyuma ya bega. Siku hizi kila njia panda napiga picha kwa simu nikiwa nimegeukia nyuma, lakini kusema kwa sauti sijaacha. Kinachosemwa kinakaa kichwani hata betri ikiisha.

Watongwe walikuwa wakiupanda mlima huu kutambikia mizimu yao zamani kabla ya hifadhi. Mkikutana nao vijijini, wasikilize zaidi ya unavyoisikiliza programu ya simu.

Simu yenyewe ichukue, ni msaada mkubwa. GPS inafanya kazi bila mtandao mradi umepakua ramani ukiwa bado Kigoma mjini. Iweke kwenye hali ya ndege, ibebe na pawabenki. Ila chini ya msitu mnene au ndani ya korongo, ile nukta inaweza kuruka makumi ya mita, na kwenye mgongo mwembamba makumi ya mita ndiyo tofauti ya tawi hili na lile. Kwa hiyo beba pia dira na ramani ya karatasi ya 1:50,000, na ujue kuisoma: kontua, yaani mistari ya mwinuko, zikichongoka kuelekea chini, huo ni mgongo, zikichongoka kuelekea juu, hilo ni bonde. Kabla ya kuondoka kileleni, weka dira kwenye uelekeo wa mgongo wako, halafu ndipo upige hatua ya kwanza. Dakika hizo mbili zina thamani kuliko zote za siku nzima.

Muda nao upige hesabu. Ziwa liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, Nkungwe ni mita 2,462. Ukianzia ufukweni unapanda karibu mita 1,690. Mskoti Naismith mwaka 1892 aliweka kanuni ya saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kule kupanda tu kunakula karibu saa 3 hujaugusa umbali, na hiyo ni kanuni ya njia nzuri. Kwenye nyasi zilizokupita kichwa, na mzigo mgongoni, mimi nazidisha mara mbili. Panga siku mbili au tatu. Beba sweta, maana juu kunaweza kuwa na baridi ya nyuzi 10 chini ya ufukweni, na beba maji ya kutosha, mgongoni hakuna kijito.

Umesema unatokea Dar, basi zingatia na jua. Huku tuko magharibi kabisa ya nchi, jua linafika katikati karibu saa 7 mchana na kuzama karibu saa 1 jioni. Likishazama, giza halisubiri. Juni na Julai jua la mchana liko kaskazini, kivuli chako kinaelekea kusini, unaweza kukitumia. Oktoba mwanzoni na Machi mwanzoni jua liko utosini, kivuli cha mchana hakikupi uelekeo.

Na hilo ziwa lako? Agosti na Septemba moshi wa mioto ya porini unaweza kulifunika kabisa. Masika kuna ukungu, na mchana kuna radi, na radi ikianza kunguruma mgongoni si mahali pa kukaa. Likionekana nalo lina mtego wake: mtu aliyechoka akiliona chini anaona bora akate moja kwa moja kwa kufuata kijito. Usifanye hivyo. Vijito vya upande wa magharibi vinapita kwenye makorongo yenye magenge na maporomoko, na msitu wa humo hautembeki. Ukihisi umekosea, panda urudi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo, hata kama miguu inakataa.

Kama hujawahi kutembea migongo, anzia Hifadhi ya Gombe. Boti za abiria zinatoka Kibirizi, Kigoma, kwenda Mwamgongo, hifadhi ni ndogo, na migongo yake inashuka kutoka ukingo wa bonde la ufa hadi ziwani, kila mmoja ukitenganisha bonde moja na jingine, Kakombe, Mkenke na kuendelea. Mwombe mwongozaji akupandishe mgongo mmoja, kisha wakati wa kushuka mwambie akae nyuma yako na wewe uchague matawi. Halafu niandikie hapa unapanda Nkungwe mwezi gani, nikwambie nyasi zitakuwa na urefu gani wakati huo.