Mwaka jana nilipandishwa gari Ifunda, mwaka huu nimefika Tosamaganga kwa miguu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, mwakani na mimi nataka kuhiji kwa miguu. Nibebe nini?" Najua wengi wenu mna nia hiyo hiyo, basi jibu naliweka hapa mlisome wote.

Siku Padre Yosefu Allamano alipotangazwa mtakatifu, 20 Oktoba 2024, niliweka nadhiri. Nimekulia mikononi mwa masista wa Consolata, na wamisionari aliowaanzisha yeye ndio walioingia Iringa mwaka 1919, wakaishika misheni ya Tosamaganga iliyokuwa imeanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani. Nikasema nitatoka kwangu Mafinga hadi Tosamaganga kwa miguu yangu, nifike kwa sikukuu ya Mama Consolata, yaani Bikira Maria Mfariji, 20 Juni. Ni zaidi ya kilomita 60. Kikundi chetu huzitembea kwa siku tatu.

Mwaka jana nilikwenda na raba mpya. Nilizinunua siku mbili tu kabla ya kuanza safari. Siku ya kwanza niliimba kuliko wote. Siku ya pili, tukikaribia Ifunda, nikahisi unyevunyevu kisiginoni, nikadhani ni jasho. Nilipokaa kuvua, soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Nilivuta taratibu, lengelenge likaja nayo, pakabaki pekundu pana kama kifuniko cha soda. Kiongozi wetu alisimama mbele yangu, akasema watu wote wakisikia: "Mama, hija si matembezi ya harusi. Panda gari." Nikapanda, nikakaa katikati ya masufuria na magodoro. Tulipowapita wenzangu wakisali rozari, nilijifunika kitenge uso mzima. Nimemsamehe, lakini maneno yale bado nayasikia.

Kwa hiyo dada, usianze na mzigo, anza na miguu. Mimi nilianza mwezi wa tatu, kila Jumamosi, kwenye njia za misitu ya Sao Hill: kilomita 10, halafu 15, mpaka nikafika 25. Raba ziwe zile ulizozizoea, na zikuache vidole vicheze, maana mguu huvimba ukitembea kutwa. Kata kucha. Paka mafuta ya mgando kabla ya kuvaa soksi, na kila mkipumzika badili soksi, zile zenye jasho zining'inize kwenye begi zikauke. Ukihisi joto mahali pamoja mguuni, simama hapo hapo ubandike plasta. Usiseme "nikifika mbele". Mimi nilisema "nikifika mbele", na mbele nikafika kwa gari.

Barabara ile ni ya malori ya Zambia na Kongo. Tembea upande wa kulia uyaone yanavyokuja, na kabla jua halijachomoza vaa kizibao chenye viakisi mwanga. Sweta ni lazima, baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita mnaijua. Mengine utapata njiani, viazi na chai havikosekani.

Mwaka huu nilikuwa na nguvu za kutangulia mbele. Sikutangulia. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, amevaa ndala, goti linamsumbua, na msafara ulikuwa umeshamwacha. Nikabaki naye. Tanangozi tulikuta bibi amekaa barazani, akatusalimu kwa Kihehe: "Kamwene!" Alipoona tunavyochechemea hakuuliza tunakwenda wapi, aliingia ndani akatoka na karai la maji ya moto yenye chumvi. Tukaingiza miguu yote minne kwenye karai moja. Mama yule alifumba macho, machozi yakamtoka, akasema tangu tutoke Mafinga hakuna aliyemuuliza jina.

Hilo ndilo linaloniuma kwenye hija zetu. Tunashindana kufika. Tunapiga picha mbele ya kanisa huku nyuma kuna mtu kakaa chini ya mti peke yake, kiatu mkononi. Ndugu zangu, kama huwezi kumngoja anayechechemea, hiyo haijawa hija bado, ni mbio. Viongozi wa vikundi, nawaomba: anayetembea polepole kuliko wote mwekeni mbele, wengine wafuate mwendo wake. Na anayepanda gari, msimwaibishe. Mpeni maji, mumkalishe kivulini kwanza, mseme naye mkiwa wawili.

Tulipoiacha barabara kuu na kushika njia ya Tosamaganga tulikuwa wawili tu. Kengele ilishalia zamani. Tulifika misa ikiwa kwenye matoleo, watu wamejaa mpaka nje. Mama alivua ndala zake mlangoni akaingia peku, akichechemea, ameshika sarafu yake. Na mimi nikavua raba. Nikapitisha kidole kisiginoni, kilikuwa kikavu.