Maswali na Majibu: Dhima ya mkandarasi anayechimba ukutani kwa jirani

SWALI: Mimi ni mkandarasi maalumu wa kazi za ubomoaji na uchimbaji wa misingi hapa Dar es Salaam. Nimepata kazi Kariakoo ya kubomoa nyumba kongwe na kuchimba shimo la mita saba kwa ajili ya ghorofa mbili za chini ya ardhi. Jengo la jirani lina ghorofa nne, ni la zamani, na ukuta wake uko mita moja na nusu tu kutoka mpaka wetu. Mkataba unanitaka niwe na bima ya dhima kwa watu wengine isiyopungua shilingi milioni 500 kwa kila tukio. Ninayo bima ya makandarasi ya mwaka mzima yenye kiwango hichohicho. Hata hivyo, kampuni moja ya bima niliyoieleza kazi hii ilikataa kuipokea, na nyingine imetaka ada karibu mara tatu ya ile niliyozoea. Je, bima niliyo nayo haitoshi? Na kwa nini nitozwe hivyo ilhali sijawahi kudai fidia hata mara moja?

JIBU: Ndugu mkandarasi, kwa maelezo uliyotoa, na kama hati yako imeandikwa kwa maneno ya kawaida ya bima ya makandarasi, haitoshi, na upungufu wake hauko kwenye shilingi milioni 500. Ungeweza kuwa na bilioni tano na bado ukabaki huna kinga kwa tukio lile lile linalokunyima usingizi, yaani jengo la jirani kupoteza mahali pa kuegemea.

Chukua hati yako, ruka sehemu ya kwanza inayohusu uharibifu wa kazi yenyewe, na ufungue sehemu ya pili inayohusu dhima kwa watu wengine. Hati nyingi za aina hii zinazotumika Afrika Mashariki hufuata matini ya kampuni ya bima mtawanyo (yaani inayozikatia bima kampuni nyingine za bima) ya Ujerumani, Munich Re, na katika matini hayo, chini ya mambo yasiyokingwa, utakuta kifungu kinachosema kwamba kampuni haitalipa uharibifu wa mali, ardhi au jengo uliosababishwa na mtikisiko, au na kuondolewa au kudhoofishwa kwa tegemeo la ardhi, isipokuwa pale ambapo jambo hilo limekubaliwa mahususi kwa kiambatisho, yaani nyongeza ya maandishi kwenye hati. Sasa jiulize kazi yako ni nini. Kubomoa ni mtikisiko. Kuchimba mita saba kando ya msingi wa mtu ni kuondoa tegemeo. Kifungu hicho kimoja kinaiondoa kazi yako karibu yote nje ya bima uliyoilipia, na hakuna aliyekudanganya, kwa kuwa bima ya mwaka mzima huandikwa kwa kufikiria mjenzi wa kawaida wa nyumba na kuta.

Sababu ya kifungu hicho ni ya kihandisi zaidi kuliko ya kisheria. Ardhi iliyo chini ya jengo la jirani haibebi uzito kwa kwenda chini tu, bali hubanwa pia na ardhi iliyo pembeni yake, na ukishaitoa hiyo ya pembeni, iliyobaki hutafuta nafasi ya kusogea kuelekea kwenye shimo. Ukuta wa kuzuia udongo, hata ukiwa umesanifiwa vizuri, hupinda kidogo kabla haujashika mzigo, na kila unapopinda, ardhi ya nyuma yake hushuka. Kwa pwani yetu yenye mchanga na maji yasiyo mbali na uso wa ardhi, tatizo huongezeka, kwa sababu utalazimika kuvuta maji ili upate pakavu pa kufanyia kazi, na pampu isiyo na chujio zuri huvuta maji pamoja na chembe za mchanga kutoka chini ya msingi wa mwenzako. Kampuni ya bima inajua kwamba hatari ya namna hii haitokani na bahati mbaya ya siku moja, bali hujengeka kila siku kijiko kinapoteremka. Ndiyo maana inataka iulizwe kwanza.

Dawa yake ni kiambatisho ambacho katika matini ya Munich Re hubeba namba 120, kinachorejesha kinga dhidi ya mtikisiko na kudhoofishwa kwa tegemeo. Kiombe kwa namba yake, kisha ukisome chote kabla ya kulipa, kwa maana wengi hukinunua wakidhani wamemaliza. Kwa uharibifu wa majengo, kiambatisho hicho hulipa pale tu jengo linapoporomoka, lote au sehemu yake. Nyufa za juujuu ambazo hazipunguzi uimara wa jengo wala kuwahatarisha wanaolitumia hazilipwi. Uharibifu uliotarajiwa kutokana na aina ya kazi au namna inavyotekelezwa haulipwi. Gharama za kuzuia au kupunguza hasara, kama vile kuweka mihimili ya kuegemeza ukuta wa jirani unapoanza kuinama, nazo hubaki kwako. Tena jengo hilo linatakiwa liwe lilikuwa katika hali nzuri kabla ya kazi kuanza, na wewe uwe umechukua hatua zinazohitajika za kuzuia madhara.

Maana yake ni kwamba nyufa, ambazo ndizo lalamiko la kawaida kuliko yote, zitabaki mzigo wako hata ukiwa na kiambatisho, ilhali sheria ya madhara (ile inayomruhusu aliyeumizwa na kosa la mwingine kudai fidia) bado inampa jirani haki ya kukudai gharama ya kuzirekebisha. Ushauri wangu ni kwamba utenge fungu la matengenezo hayo ndani ya bei ya zabuni. Mkandarasi anayeweka bei ya kuchimba na kusafirisha kifusi pekee, halafu akategemea bima imlipie plasta ya jirani, amekosea hesabu kabla hajaanza kazi.

Linalofuata ni la karatasi, nami hulipatia uzito kuliko hata ukubwa wa kiwango cha bima. Kabla ya nyundo ya kwanza, umwajiri mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aandae ripoti ya hali ya jengo la jirani: picha zenye tarehe, chumba kwa chumba, ramani ya nyufa zilizopo pamoja na upana wake kwa milimita, na alama za kupimia kushuka kwa ardhi zitakazosomwa kila wiki wakati wa uchimbaji. Jirani aweke sahihi, na akikataa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie kwamba aliombwa. Ripoti ifanyike kabla ya ubomoaji, si kabla ya uchimbaji, kwa kuwa ubomoaji nao hutikisa. Nimewahi kusimamia dai ambalo ripoti ilipigwa picha wiki mbili baada ya nyumba ya zamani kubomolewa. Kila ufa uliogombaniwa, jirani alisema ulikuja na nyundo, mkandarasi akasema ulikuwepo tangu enzi za babu, na hakuna aliyekuwa na cha kumwonyesha mwenzake. Kampuni ya bima ina haki ya kudai ripoti hiyo kwa gharama yako, kwa hiyo usiione kama hisani.

Kuhusu wafanyakazi wako, bima ya dhima kwa watu wengine haiwahusu. Matini huwatoa waziwazi waajiriwa wa mkandarasi, na hata wanafamilia wao. Wao hulindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi chini ya sheria ya mwaka 2008, na michango ni wajibu wako wewe kama mwajiri, wakiwemo vibarua wa siku. Mali uliyokabidhiwa au unayoitunza nayo haimo, wala ajali ya lori lenye namba za usajili wa barabarani, ambayo ni ya bima ya magari. Mabomba na nyaya zilizozikwa ardhini zina masharti yao katika kiambatisho namba 102, kinachokutaka uwe umeuliza mamlaka husika mahali zilipo kabla ya kuchimba. Pale Kariakoo, ambako bomba la maji laweza kukutana nawe mahali ambapo ramani haikulitaja, hilo lisikupite.

Hukuuliza kuhusu mwenye mradi, lakini naona ni lazima nimtaje. Mikataba inayofuata mtindo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wa mwaka 1999, kifungu cha 18.3, humtaka mkandarasi akate bima ya dhima kwa jina lake na la mwenye mradi kwa pamoja. Hilo lina mantiki ya kisheria. Katika shauri la Bower v Peate la mwaka 1876, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mwenye kiwanja aliyeamuru kazi inayoondoa tegemeo la nyumba ya jirani hawezi kujivua dhima kwa kusema kwamba alimwajiri mkandarasi, hata kama mkandarasi huyo alikuwa ameahidi kuitegemeza nyumba ile. Jirani, basi, anaweza kuwashtaki nyote wawili. Omba kiambatisho namba 002, kinachomfanya kila aliyetajwa katika bima ahesabiwe kana kwamba ana hati yake, ili mmoja wenu akimdhuru mwingine kinga isipotee. Wakati huohuo uwe macho na kifungu chochote cha mkataba kinachokufanya ukubali kulipa kila hasara itakayompata mwenye mradi hata kama si kosa lako, kwa sababu bima hulipa dhima ambayo sheria ingekubebesha bila ahadi hiyo, na kilichozidi hapo ni chako.

Likitokea la kutokea, muda ni mfupi. Matini ya kawaida hukupa siku 14 za kuitaarifu kampuni, na taarifa ikichelewa kupita hapo dai hufa lenyewe. Vilevile hukukataza kukiri kosa, kuahidi au kulipa chochote bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Hapa ndipo wakandarasi wetu wengi, tena walio waungwana zaidi, hujikwaa. Ukuta ukianguka, mtu huenda kwa jirani kutoa pole, wazee wa mtaa hukusanyika, na kabla ya magharibi imeshaandikwa karatasi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwamba mkandarasi atajenga upya kila kitu. Kutoa pole ni utu na hakuna mkataba unaoweza kukuzuia. Peleka maji, wahamishe watu walio hatarini, na ukitaka kugharimia hospitali ya aliyeumia kwa jina la msaada, omba kwanza idhini hiyo ya kampuni. Ila usitie sahihi karatasi inayosema nani amekosa na nani atalipa nini. Sema kwamba umeitaarifu bima na mtathmini wa hasara atafika, kisha umpigie dalali wako wa bima simu siku hiyohiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo huja kimya. Malipo ya mwenye mradi yakikwama, saiti husimama, na shimo hubaki wazi hadi masika. Bima ya makandarasi kwa kawaida haikingi hasara inayotokana na kusimama kwa kazi, iwe yote au sehemu yake. Ardhi iliyoachwa wazi huendelea kulowa na kusogea, na pampu ikizimwa kwa kukosa mafuta, kiwango cha maji hupanda. Unapoona dalili za kukwama, iarifu kampuni kwa maandishi, omba masharti ya kipindi hicho, na uendelee kupima zile alama za jirani hata kama hakuna fundi mwingine saiti.

Sasa nirudi kwenye ada. Kampuni za bima hazibebi hatari kubwa peke yao. Huigawa kwa kampuni za bima mtawanyo kupitia mikataba ya mwaka, na mikataba hiyo mara nyingi huacha nje ubomoaji na uchimbaji wa kina kirefu. Kampuni iliyokukataa huenda haikuwa na pa kuipeleka hatari yako. Iliyotaja mara tatu yaelekea imeitafutia kazi hii mtawanyo wa peke yake, na anayepokea mtawanyo wa namna hiyo hukadiria kwa woga pale anapopewa karatasi moja yenye thamani ya mkataba na anwani tu. Historia yako safi ina thamani, lakini inahusu kazi ulizozifanya, na shimo hili ni jingine. Tena soko halijasahau kuporomoka kwa jengo la Mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013, ambako watu 36 walikufa, wala la Kariakoo mwezi Novemba 2024.

Ada hiyo inaweza kushuka. Peleka ripoti ya uchunguzi wa udongo, michoro ya ukuta wa kuzuia udongo yenye sahihi ya mhandisi, maelezo ya hatua za uchimbaji na namna ya kuvuta maji, ile ripoti ya hali ya jengo la jirani, vibali vya halmashauri, na cheti cha usajili wa saiti kutoka OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Vibali si mapambo, kwa sababu hati ya bima hukutaka ufuate sheria na taratibu nzuri za kihandisi, na kazi isiyo na kibali huipa kampuni sababu ya kusita kulipa. Unaweza pia kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya kila hasara wewe mwenyewe. Kwa kuwa madai madogo ya nyufa hayalipwi hata hivyo, kuongeza sehemu hiyo hakukupotezei mengi. Hata hivyo, hakikisha kwamba mkataba wako na mwenye mradi hauweki ukomo wa sehemu hiyo unayobeba mwenyewe.

Mwisho, ile kampuni iliyokukataa. Fomu ya maombi ya kampuni ya pili itakuuliza kama umewahi kunyimwa bima, na utashawishika kuandika hapana kwa kuwa hukuwahi kujaza fomu rasmi kule. Andika ndiyo, taja kazi yenyewe na tarehe, na uambatanishe nyaraka nilizozitaja hapo juu. Ukificha jambo ambalo lingeathiri uamuzi wa kampuni, hati yaweza kufutwa tangu siku ya kwanza, na wewe utalijua hilo siku unapodai.